Diski ya Singo

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mapema nitajaza kurasa tatu za kujitetea: niliandika takataka juu ya diski ya shangazi yangu. Umeme haukukatika, virusi havikuingia. Niliandika mwenyewe, nimekaa wima, nimevaa miwani, nina furaha kama mtoto siku ya Idi.

Mimi ni mtu wa kurudi kuangalia mlango. Nikishafunga narudi kuhakikisha, halafu narudi kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Bodaboda wa mtaani kwetu wameshanizoea. Hawawashi pikipiki mpaka nirudi mara ya tatu. Daftari langu likiingia kosa moja nachana ukurasa na kuunakili upya. Mtu wa namna hii alipaswa kujifunza kushona vitambaa, kazi ambayo ukikosea unafumua. Badala yake nilijifundisha, kwa kurasa za kuchapisha na video za kupakua, kuandika mfumo endeshi: ile programu ya chini kabisa, inayoamka kabla ya programu zote na kuzigawia kazi. Moyo wake unaitwa kerneli. Nina miaka miwili naiandika kerneli yangu na hakuna mtu duniani anayeihitaji. Nilipomweleza shangazi, alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo unajenga nyumba, na nyumba unayo." Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Ninaishi kwa shangazi huyo, Ngamiani, Tanga mjini. Yeye hupiga video za shughuli za wanawake, na za wanawake tu. Mlangoni huweka kikapu, kila aliyealikwa anatumbukiza simu yake humo, na kamera inayobaki ndani ni moja, ya shangazi. Wanawake wanamwachia waonekane walivyo, vichwa wazi, mikono wazi, wanacheza wanavyotaka, kwa sababu ya ahadi yake: hakuna mwanamume atakayeiona. Video tunaikata sisi wawili, wanawake watupu, chumba cha ndani. Mjomba, mume wa shangazi, akitaka kupita ukumbini hukohoa tangu uani, na kama tuna kazi shangazi humjibu, "Zunguka nyuma!" Naye huzunguka, miaka yote hiyo, bila kuuliza. Kazi ikikabidhiwa, shangazi huifuta diski mbele ya mwenye shughuli. Hapo ndipo ahadi inapokamilika.

Video ya safari hii ilikuwa ya singo, ile siku bi harusi anaposuguliwa manukato na kupambwa kabla ya kwenda kwa mumewe. Ilifanyika kwa mama yake mdogo, hapa hapa mjini. Mama mzazi hakuwepo. Alikuwa Kigombe, ndani, kwenye eda. Mumewe alifariki wiki chache kabla, na mwenyewe marehemu alikuwa amesema harusi isisogezwe hata siku moja. Basi mama akabaki na miezi yake minne na siku kumi ya kutotoka, binti akasingwa bila yeye, akaolewa, akavuka mpaka wa Horohoro kwenda kwa mumewe upande wa pili. Kitu pekee ambacho mama alikipeleka kwenye shughuli ile kilikuwa kanga. Alimpa mdogo wake amvike binti mwishoni, akishamaliza kupambwa, kwa niaba yake.

"Nataka kuiona kanga yangu ikipanda begani kwake," alimwambia shangazi kwenye simu. "Hayo mengine hata mkinikatia, nikatieni."

Tuliahidi kumpelekea siku ya Jumamosi. Jumanne ndipo nilipofanya niliyoyafanya.

Inabidi nieleze kidogo diski inavyokaa, na nitajitahidi kuwa mfupi. Diski ni safu ndefu ya vyumba vidogo vinavyolingana. Kila chumba kinaitwa bloku na kina namba, kuanzia sifuri. Diski yenyewe haijui video ni nini wala harusi ni nini. Inajua namba tu. Programu ikisema "nipe kipande fulani cha faili fulani", kazi ya kerneli ni kuligeuza ombi hilo liwe namba ya bloku. Ugumu unaanzia hapa: diski nyingi zimegawanywa. Ya shangazi ilikuwa na sehemu mbili, ya mbele ndogo kwa nyimbo, ya nyuma kubwa kwa video, na kila sehemu ina hesabu yake inayoanza upya. Ni kama tunavyoelekezana nyumba hapa kwetu. Barabara zina namba, lakini nyumba hatuitaji kwa namba. Tunasema nyumba ya nne. Anayeelekezwa naye huuliza swali moja tu: "Kutoka wapi?" Kutoka msikitini ni kwa fundi cherehani. Kutoka kwenye mashine ya kusaga ni kwa watu wengine kabisa, na mbwa wao ni mkali.

Mimi nilizaliwa kwenye swali hilo. Kerneli yangu haikuwa nalo. Kwenye mstari mmoja wa msimbo wangu nilisahau kujumlisha mwanzo wa sehemu. Kila "bloku ya sifuri ya sehemu hii" ikawa bloku ya sifuri ya diski nzima. Sikujua, maana miaka yote miwili nilikuwa najaribia kwenye diski ya bandia isiyogawanywa, ambako mwanzo ni ule ule.

Jumanne asubuhi nikaona nimeiva, nikaamua kujaribu kwenye flashi ya kweli. Wakati huohuo, kwa woga wangu wa kawaida, nilikuwa nimechomeka diski ya shangazi niitolee nakala ya akiba. Ndiyo, nakala ya akiba. Nikajisemea: ngoja kwanza nifanye jaribio langu, dakika mbili tu, halafu nitanakili kwa utulivu. Nikawasha laptopu kwa kerneli yangu. Jaribio lilikuwa rahisi: andika, soma, linganisha. Bloku sitini na nne za mwanzo, kisha bloku kumi na sita za mbali, kuanzia namba milioni moja na nusu, kwa sababu mtu mwangalifu hujaribu na namba kubwa. Kioo kikaniandikia SAWA, SAWA, SAWA, mpaka chini. Nikasimama nikacheza peke yangu katikati ya chumba.

Nilipokuwa nacheza nikaiangalia flashi. Taa yake imetulia. Taa iliyokuwa inapepesa ni ya diski.

Laptopu ilikuwa imeipanga diski mbele ya flashi, na kerneli yangu haikuuliza, ilichukua iliyotangulia. Kama ingeandika kwenye flashi, flashi ingekufa peke yake, ningeliona kosa, ningecheka. Nikawasha laptopu upya kwa mfumo wa kawaida, nikaifungua diski, nikajibiwa kwamba diski hii ni tupu na je, ningependa kuifomati.

Shangazi alikuwa jikoni anakuna nazi. Nilisimama mlangoni mpaka akachoka kunitazama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Tumeamkiana asubuhi. Umevunja nini?"

"Diski."

"Imeanguka?"

"Haijaanguka. Nimeiandikia juu."

Aliacha mbuzi ya nazi, akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Nilitegemea kelele. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanamume kaiona?"

"Hapana."

"Kuna uliyemtumia? Mtandaoni huko?"

"Hapana, shangazi."

"Basi bado ina stara. Kaa chini uirudishe. Na usilie juu ya kompyuta, utaongeza mengine."

Mafundi wa kompyuta ninaowafahamu mjini wote ni wanaume. Nikampigia mmoja, ambaye huwa ananiuzia vipuri na kunitania.

"Lete diski," akasema. "Nusu saa unaondoka nayo."

"Siwezi kuileta."

"Kwani ina nini, siri za serikali?"

"Za wanawake."

"Duh! Hizo nzito zaidi. Basi n'tajie namba. Umeandika kuanzia wapi mpaka wapi?"

Nikamsomea namba kutoka kwenye daftari langu. Hapo ndipo nilipobariki ugonjwa wangu: kila jaribio huwa naandika tarehe, saa, bloku ya kwanza, bloku ya mwisho, kwa wino mweusi, mstari umenyooka. Akasema, "Hizo za mwanzo umekula orodha ya mipaka ya sehemu zake. Nakala yake iko mwisho wa diski. Unalijua hilo?"

"Nalijua," nikasema. Nilikuwa nalijua kweli, ila hofu ilikuwa imelifunika. Diski za siku hizi huandika orodha ya mipaka yake mara mbili, mwanzoni kabisa na mwishoni kabisa. Bloku zangu sitini na nne zilikuwa zimefuta ile ya mbele tu; sehemu ya nyimbo ilikuwa haijaanza hata.

Shangazi alisikia mazungumzo. Nilipokata simu akanitazama kwa jicho moja.

"Umesema hujampa mwanamume kitu."

"Nimempa namba tu, shangazi."

Akafikiri. "Namba," akasema, "hazivai buibui." Akarudi kwenye nazi yake.

Jumatano mchana niliisoma ile nakala ya mwisho, nikaihesabu mara tatu, nikaiandika mbele. Sehemu mbili zikarudi. Nikafungua video mwanzoni: wanawake wanaingia, wanatumbukiza simu kikapuni. Katikati: singo lenyewe, rangi ya manjano, vicheko. Zimebaki zile bloku kumi na sita za mbali. Nikatafuta kwenye orodha ya faili nani anakaa kwenye bloku milioni moja na nusu. Hakai mtu. Patupu. Nikapiga kelele, shangazi akaja, tukakumbatiana, akampigia mama wa bi harusi palepale. "Jumamosi tunakuja. Kamili."

Ningependa kusema kilichofuata kilitokana na akili. Kilitokana na mlango. Alhamisi asubuhi, kabla hatujaanza kukata video, nilirudi kuhakikisha kama ninavyorudi kwenye mlango, na mara ya tatu nikajiuliza lile swali ambalo hata bodaboda angeuliza: milioni moja na nusu, kutoka wapi?

Kerneli yangu, kwa kosa lake, ilihesabu kutoka mwanzo wa diski. Orodha ya faili inahesabu kutoka mwanzo wa sehemu ya video. Nilikuwa nimerudia kosa lile lile, mara ya kwanza kwenye msimbo, mara ya pili kwa kalamu. Sehemu ya video inaanzia bloku ya 262,144. Nikatoa. Ikabaki 1,237,856. Nikaitafuta, na hapo palikuwa na mwenyewe: video ya singo, karibu na mwisho.

Nikaisogeza mbele mpaka pale. Bi harusi amekaa mkekani, amepambwa, asumini kichwani. Mama mdogo anainuka na kanga, anaikunjua, anainama. Kisha kioo kinageuka kijani, miraba miraba, kama mtu amemwaga rangi. Kisha bi harusi yuko na kanga mabegani, anacheka, vigelegele vinamalizikia. Kama sekunde moja hivi. Bloku zenyewe zilikuwa chache mno, lakini video huhifadhi picha kamili mara mojamoja tu, na katikati huandika mabadiliko. Ukiharibu kidogo, inabaki imechanganyikiwa mpaka ifike picha kamili nyingine. Video ya saa mbili, na nilikuwa nimekula sekunde ile.

Shangazi alitazama mara moja tu.

"Weka ua," akasema.

Tuna ua letu. Ni waridi jekundu linalofunguka kioo kizima, tunaliweka kila tunapounganisha vipande, wateja wanalipenda. Likiwekwa pale hakuna ambaye angejua. Nililiweka. Lilikaa vizuri mno, hata lilionekana kama heshima. Ijumaa nzima nililitazama likifunguka. Mara mbili nililitoa, mara mbili nililirudisha.

"Litoe au liache," akasema shangazi, "ila acha kulisumbua ua la watu."

"Kasema anataka kuiona ikipanda begani."

"Nimesikia alivyosema. Nilikuwa kwenye simu mimi."

"Sasa?"

"Sasa mimi ndiye niliyemwambia kamili." Alikaa kitandani, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona kwamba hofu haikuwa yangu peke yangu. "Nikisema nimeharibu, kesho nani ataniachia kichwa wazi?"

Ua likabaki.

Jumamosi tulifika Kigombe kabla ya adhuhuri. Mama wa bi harusi alitupokea chumba cha ndani, nguo nyeupe, hana hina, hana wanja, hana hata hereni. Nikamwamkia, akaniitikia akanishika mkono akaushikilia kwa muda, kama anaupima joto. Pembeni yake alikuwa yule mdogo wake, mama mdogo wa bi harusi, aliyekuja kumpikia. Tukaweka laptopu juu ya sanduku, sauti chini, tukatazama.

Alitazama vizuri sana. Alicheka na kikapu cha simu. Wa kwanza alipoanza kucheza akamgonga mdogo wake: "Wee! Ndiyo kiuno hicho ulichosema kinauma?"

"Kiliuma baadaye," akajibu mdogo mtu.

Tulipokaribia mwisho akaacha kucheka. Akasogea. Mdogo wake kwenye kioo akainuka, akaikunjua kanga, akainama. Waridi likafunguka. Likafunga. Kanga iko mabegani.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Waridi.

"Tena."

Waridi.

"Hili ua," akauliza, bila ukali wowote, "mbona limekaa hapa?"

Nilimtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama mkeka. Nilifungua mdomo, na shangazi akanitangulia.

"Limeficha kosa," akasema. "Diski iliharibika kwangu. Huyu kairudisha, ila hapo hapakurudi. Mwanamume hajaiona. Lakini nilikwambia kamili, na si kamili."

"Nimeiharibu mimi," nikasema. "Shangazi hakuigusa. Nilihesabu vibaya. Mara mbili."

Jikoni sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyeinuka.

"Toa hilo ua," mama akasema.

Nikalitoa. Tukatazama: kanga inakunjuliwa, kijani, miraba, kanga iko mabegani. Akaiangalia ile miraba kwa makini kuliko alivyoangalia kitu kingine chochote. Halafu akaniambia nishushe laptopu. Akafungua lile sanduku, akapekua chini ya mashuka, akatoa kanga. Niliitambua kabla hajaikunjua. Kanga huuzwa mbili, doti. Alikuwa amempelekea binti moja, na ya pili ameiweka mwenyewe.

"Njoo ukae hapa," akaniambia.

Nikakaa mkekani. Mimi, niliyeharibu.

"Ulisimama wapi?" akamwuliza mdogo wake.

"Nyuma yake. Huku."

Akasimama huko. Akaikunjua kanga, akainama, nikasikia harufu ya sabuni tu, hakuna manukato, na kitambaa kikatua.

"Hivyo?"

"Siyo hivyo, dada. Nilianza bega la kushoto."

"Kwa nini la kushoto?"

"La kulia alikuwa na singo bado halijakauka!"

Akaitoa, akaanza upya, bega la kushoto kwanza, kisha kulia, na mwisho akaivuta mbele kwa mikono miwili kama mtu anayemfunika mtoto asipate baridi. Mikono ikabaki pale kidogo. Sikugeuka. Nilichoona ni uso wa shangazi tu, anatazama kwa macho yake, hana haja ya kamera.

"Haya," mama akasema nyuma yangu. "Nimeiona."

Akaikunja ile kanga, akairudisha sandukuni. Akamgeukia shangazi. "Mwezi wa mfungo sita mwanangu mwingine atasingwa. Mimi nitakuwa nimetoka. Utakuja na kikapu chako?"

"Nitakuja," shangazi akasema, halafu akajifanya anakohoa kama mume wake.

"Na huyu mhesabuji wako?"

"Huyu atashika kikapu tu."

Wakanicheka wote watatu.

Nikamnakilia mama video yake kwenye flashi, bila ua, na kijani chake. Ikabaki kufuta diski. Nilikuwa nimeihangaikia siku tano kuirudisha, na sasa natakiwa kuifuta kwa mkono wangu, mbele ya mwenyewe. Nilichomoa flashi kwanza, nikaiweka mbali, juu ya mkeka. Nikahakikisha. Nikahakikisha kwamba nimehakikisha.

"Mbona anaangalia vitaa?" mama akauliza.

"Mwache," shangazi akasema. "Mara ya tatu ndiyo anabonyeza."

Nikabonyeza. Taa ya diski ikaanza kupepesa, na safari hii ndiyo niliyoitaka.